Uzi: Msimu wa mavuno ndio huu, tupambe nyumba kwa vitu vya shamba na ziwa, majani ya plastiki tuyaache dukani

#1 AntiWaBahati

Wadau habari zenu. Naandika nikiwa Bahati hapa Nakuru. Kila mwaka kuanzia Septemba mpaka Novemba simu zetu hujaa picha za nyumba za Ulaya na Marekani, mlangoni kuna shada la majani mekundu, kwenye ngazi malenge yamepangwa, mezani ngano kavu, halafu naona watu wa kwetu wanaulizana hayo majani yanauzwa wapi. Na yanauzwa kweli, plastiki tupu, yamekuja kwa meli na rangi yake ni ya kupakwa, ukiyaweka mwaka mmoja yashapauka na vumbi limejikita. Inaniuma kuona mtu akitoa pesa kwa hiyo kitu na nyuma ya nyumba yake kuna shamba la mahindi limekauka vizuri kabisa.

Kule majani yanageuka rangi kwa sababu siku zinafupika na baridi inakuja, mti unaacha kutengeneza ile kijani, njano iliyokuwa imefichika ndani ya jani inatokea, miti mingine inaongeza nyekundu, kisha jani linaanguka. Sisi Nakuru na Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hivyo mti wa hapa hauna theluji ya kujiandalia. Lakini angalieni zile picha vizuri, zaidi ya nusu ya vitu vilivyomo ni mavuno. Malenge, mahindi, ngano, vibuyu. Hata hayo malenge ya sikukuu ya Halloween, watu wa Ireland kwao walikuwa wakichonga tanipu, ile mboga ya mzizi, walipohamia Marekani wakakuta malenge wakachonga malenge. Walichukua kilichokuwa shambani pale walipofika, na sisi tufanye hivyo hivyo.

Na saa hii ndio sisi tuko na vitu! Huku Nakuru mahindi ya kupandwa Machi na Aprili yanavunwa kuanzia Oktoba, Njoro na Mau Narok ngano na shayiri zinakatwa, jakaranda imemwaga maua zambarau barabarani. Upande wa ziwa mtama ushavunwa, vichwa viko ghalani. Kisii kuna wimbi na migomba isiyoisha.

Mimi hupenda kuanza na mahindi. Chagua magunzi yaliyojaa, yakiwa bado na maganda yake, kama unapata ya kienyeji yenye rangi rangi, njano, nyekundu, zambarau iliyoiva mpaka karibu nyeusi, hayo ndio mazuri zaidi. Vua maganda ya nje yaliyochafuka, yale laini ya ndani yavute nyuma usiyang'oe, kisha yasuke pamoja kama nywele za mtoto, gunzi juu ya gunzi, mpaka upate mkufu mrefu. Malizia kwa kamba ya katani na uning'inize. Ukisuka maganda yakiwa yamekauka sana yatakatika, kwa hivyo yanyunyizie maji kidogo, subiri yalegee, suka, halafu urudishe juani mpaka yakauke tena kabisa kabla ya kuingiza ndani.

Ngano lazima uwahi. Kombaini, ile mashine ya kuvuna, ikishapita hubaki na visiki vifupi visivyokusaidia, kwa hivyo ongea na mwenye shamba mapema akukatie konzi chache kwa mkono pembeni. Zifunge, zining'inize kichwa chini mahali penye hewa na kivuli, shina likikauka hivyo linabaki limenyooka. Wimbi na mtama ni vilevile.

Hayo ni ya kwangu. Watu wa Kisumu, Kakamega, Kericho, Kisii leteni ya kwenu.

#2 NyarDunga

Asante sana anti kwa huu uzi. Mimi niko Kisumu upande wa Dunga na sisi nyumba zetu tunapamba kwa vitu vya maji. Kuna mafunjo, sisi tunaita togo. Kile kichwa chake cha juu chenye nyuzi nyuzi ukikikata kikiwa bado kijani na ukakining'iniza kichwa chini kivulini kinakauka vizuri, ukiweka vitano sita kwenye chungu kirefu pembeni ya kochi hakuna ua la dukani litashinda hapo. Lakini jameni msiende kukata ovyo. Mafunjo yanachipuka tena kutoka kwa mizizi ukiyapa nafasi, ila yakikatwa kila wakati sehemu moja yanachoka, na kuna ndege hawaishi kwingine isipokuwa ndani ya hayo mafunjo. Samaki pia huzalia pale. Nunua kwa wale wasukaji wanaojua wakate wapi na waache wapi.

Ya pili ni gugu maji. Hilo kata utakavyo, hakuna atakayekulilia, lilitoka Amerika Kusini na tangu miaka ya 1990 limefunga ziwa mpaka boti haziendi. Wasukaji wanatenga yale mashina marefu, wanayaosha, wanayaanika juani mpaka yawe rangi ya kahawia na yakunjike bila kuvunjika, halafu wanasuka vikapu, mikeka ya mezani, vivuli vya taa. Usiende kulivuna mwenyewe kama hujui maji, viboko wanakaa humo humo. Na shina likisukwa bila kukauka mpaka ndani litaota ukungu na harufu haitoki. Ukinunua kikapu kinuse kwanza. Kikinuka udongo wa mvua kirudishe.

#3 BabaLugari

Mimi nitasema ukweli hata kama hamtapenda. Mahindi ni chakula. Kuna nyumba hapa Lugari hazina hata gorogoro, ule mkebe wa kupimia, moja ya mahindi na mtu anataka kuning'iniza mahindi ukutani apige picha? Hiyo mimi siungi mkono.

#4 AntiWaBahati

@BabaLugari mzee wangu nakusikia na nashukuru umesema, na nitakujibu kwa heshima kwa sababu hilo ndilo limenifanya nianzishe uzi.

Wewe wa Lugari umeyaona haya, jikoni kwa mama zetu mahindi yalikuwa yakining'inizwa juu ya moto. Yale magunzi mazuri kuliko yote yalichaguliwa, yakafungwa mawili mawili kwa maganda yao, yakapandishwa kwenye mti wa darini, moshi ukawa unayapitia kila siku na fukusi hawayasogelei, na ikifika Machi hiyo ndiyo mbegu. Hakuna aliyeyaita mapambo lakini mgeni akiingia anaona nyumba iko na mwaka unaokuja. Mimi ninachotaka ni tulirudishe hilo sebuleni. Kitu kikae ukutani miezi miwili mitatu huku kikiendelea kuwa chakula au mbegu. Malenge yakishapendeza mezani yanaingia sufuriani. Ngano inapewa kuku. Plastiki ndiyo haina pa kwenda ikichoka.

Ya kienyeji unaweza kuyapanda tena, kama ile nyamula ya njano ya Wajaluo. Ila kama ulipanda mbegu za kampuni za haibridi hayo usiyarudishe shambani kama mbegu, mavuno ya pili hushuka, yapeleke kwa kinu.

#5 BabaLugari

Hapo kwa mbegu juu ya moto umenikumbusha nyumba ya nyanya. Kama yatapandwa na kuliwa sina shida. Endelea mwanangu.

#6 mpangaji_wa_FreeArea

Mimi swali langu ni fukusi. Niliweka mahindi kwa sitting rumu mwaka jana na unga ukaanza kumwagika chini kila asubuhi, wife akasema nitoe hiyo kitu kwa nyumba. Na tena landilodi hataki misumari kwa ukuta hata mmoja.

#7 AntiWaBahati

@mpangaji_wa_FreeArea pole, huo unga ni fukusi, na kama ulikuwa mwingi na matobo makubwa basi ni yule watu wanamwita Osama, anakula mpaka gunzi na mbao. Mara nyingi mdudu hatoki sebuleni, anaingia kwa hindi hukohuko shambani, unambeba mwenyewe ukija nyumbani, kwa hivyo vita vyake ni kabla ya kupamba.

Kwanza hindi likauke. Kule kwa ghala wanataka unyevu ushuke mpaka kama asilimia 13, wewe bila mashine ling'ate tu, likilia kama kokoto na jino halizami uko sawa. Pili muue mdudu. Mwenye friza aweke magunzi kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana na aache kama wiki moja, akitoa asifungue hapo hapo, aache ndoo ipate joto la nyumba kwanza ndio jasho lisilowanishe mahindi. Asiye na friza atumie jua. Tandaza karatasi nyeusi ya nailoni chini, panga magunzi safu moja, funika na nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, bana kingo kwa mawe, uache saa za mchana kati ya saa tano na saa tisa siku ambayo hakuna mawingu. Joto la humo ndani linapita nyuzi 50 na fukusi hawavumilii, mayai yao pia. Rudia siku nyingine ya jua kali. Usiwapulizie dawa ya kunguni wala doomu ile ya mbu kwa kitu utakachokula au kuku atakula.

Tatu ning'iniza juu na mbali na ukuta kidogo ndio hewa ipite, na panya pia hatafika. Ukiona doa la ukungu kijani au nyeusi, toa gunzi hilo na usimpe mtu wala mnyama, ule ukungu unaweza kuwa na sumukuvu.

Kuhusu misumari, wengi tuko kwa ploti za kupanga na si lazima utoboe. Tafuta fito moja iliyonyooka, mkaratusi au hata bua zito la mtama, ipitishe juu ya vyuma vya pazia na ufunge mkufu wako hapo. Ama chukua chungu, kile cha kawaida cha udongo cha sokoni, jaza mchanga nusu ndio kisianguke, chomeka ngano na mafunjo. Meza yenyewe inatosha. Sinia ya mianzi, malenge matatu ya ukubwa tofauti, magunzi mawili, umemaliza, na ukihama unahama nayo.

#8 chepSotet

Salamu kutoka Kericho. Nataka kuongea juu ya vibuyu kwa sababu naona watu wanaviharibu sana. Kibuyu ukikivuna kikiwa kijani laini kitaoza. Kiache kwa mmea mpaka kile kikonyo kikauke, kikate na kikonyo chake, kisha kiweke mahali penye kivuli na hewa, usikirundike na vingine, kigeuze mara kwa mara. Kitaota ukungu kwa ngozi, watu wengi wanaogopa hapo wanatupa, usitupe, hiyo ni kawaida, mradi kisilainike. Inachukua miezi, kile kikubwa kinakawia zaidi. Kikiwa tayari ni chepesi na mbegu zinacheza ndani ukitikisa. Hapo loweka, sugua na nyasi ngumu au kile chuma cha kuoshea sufuria, ngozi ya juu itoke, kipate ile rangi ya asali. Ukikikata fungia pua na mdomo kwa kitambaa, vumbi la ndani ni kali.

Lakini sotet, kile kibuyu chetu cha maziwa, iliyokwisha kutumika kwa mursik, yale maziwa ya kugandisha, iliyopakwa mkaa wa mti wa senetwet miaka na miaka, tafadhali usiitoboe kuweka taa. Iweke kwa rafu ilivyo na mkanda wake wa ngozi na shanga, ikifika siku ya sherehe ishuke ifanye kazi yake. Kama unataka cha kutoboa panda chako, mbegu zake zinaota vizuri kwa ua.

#9 AntiWaBahati

@chepSotet hapo kwa sotet nakuunga mkono mia kwa mia. Chombo cha nyumba kina mwenyewe, uliza mama kabla ya kushika.

#10 muuguzi_wa_zamu

Wapendwa mimi nafanya kazi hospitali huku Kakamega na naomba mnisome hadi mwisho. Si kila kitu kizuri kilichokauka ni cha kuingiza nyumba yenye watoto. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi watu hutengenezea shanga, zina sumu kali, mtoto akiitafuna moja tu ni hatari. Mbarika pia, vile vitumba vyake vya miiba vinapendeza kwa shada lakini mbegu yake ina sumu. Mahindi ya mbegu ya agroveti yaliyopakwa rangi ya waridi au kijani, hiyo rangi ni alama ya dawa, msiyamwage kwenye bakuli la mezani eti yana rangi nzuri. Jakaranda iko sawa kwa kupamba, kile kitumba chake bapa cha mbao kinachofunguka kama chaza, na vile vitumba vya mti wa Nandi flame vyenye umbo la mashua. Hivyo okoteni chini kwa barabara na kwa shule, lakini msiingie Kakamega Forest kuchukua vitu, msitu ule unalindwa.

Na moto! Ngano kavu na mafunjo vikishika havikupi nafasi. Stima ikipotea usiweke mshumaa ama koroboi hapo karibu, tumia taa ya sola.

#11 kijana_wa_Elburgon

Umeongea kweli sista. Huku kwetu Elburgon na Molo kuna mbegu za paina, zile ngumu za magamba. Ziko chini kwa miti tele lakini msitu ni wa serikali, pitia kwa ofisi ya forest kwanza uulize, au okota kwa mashamba ya watu. Ukifika nazo nyumbani zinaweza kuwa zimejifunga, usifikiri ni mbovu. Zikilowa zinafunga magamba, zikikauka zinafungua, unaweza kuiweka moja kwa dirisha na itakuonyesha kama hewa ina unyevu. Zianike karibu na jiko bila kuzigusisha moto, utomvu utakauka na wadudu watoke. Mimi huzifunga kwa waya na matawi ya saipresi, hiyo harufu inajaza nyumba yote.

#12 mama_wa_Mumias

Mbona hamjataja udongo? Huku ikikaribia Desemba kila boma wanawake wanapaka nyumba upya, udongo mwekundu, mavi ya ng'ombe, jivu, na chini unapiga mstari wa rangi nyeusi au ya kijivu, wengine juu wanamalizia kwa udongo mweupe. Mavi ya ng'ombe yana nyuzi nyuzi za nyasi ndio zinashika udongo usipasuke. Vidole vyenyewe ndio brashi, unavuta nusu duara nusu duara mpaka ukuta wote uwe na mawimbi. Hiyo ndiyo kazi ya mapambo iliyo kubwa kuliko zote huku kwetu na nasikitika wasichana wetu hawaijui, mtu anajenga nyumba ya mawe anaona aibu kuigusa udongo.

#13 AntiWaBahati

@mama_wa_Mumias mama shikamoo, hapo umegusa moyo wangu. Na nyumba ya mawe haikatazi. Chukua ubao wa plaiwudi, ukwaruze kwa msasa ndio udongo ushike, paka huo mchanganyiko wako mwembamba safu mbili, ya kwanza ikauke ndipo ya pili, chora mawimbi kwa vidole ikiwa bado mbichi. Ikikauka ni picha ya ukutani, na harufu yote huisha ikishakauka kabisa. Naomba kama una msichana karibu mfundishe wewe kwa mkono, hii haifundishiki kwa simu.

Watu wa Kisii nao wako na lile jiwe laini la Tabaka, linachongwa, linasuguliwa kwa msasa na maji, linapakwa nta. Chombo kimoja cheupe cha hilo jiwe na shina tatu za wimbi. Hapo nisingeongeza kitu.

#14 NyarDunga

Anti na majani mabichi yanakaaje? Nataka matawi ya mkaratusi lakini yakikauka yanakatika katika.

#15 AntiWaBahati

@NyarDunga tumia glisirini, ile ya kupaka ngozi ya supamaketi au duka la dawa. Kipimo kimoja cha glisirini na viwili vya maji ya moto, koroga, mimina kwenye chupa nzito. Kata tawi asubuhi, ponda mwisho wa shina kwa nyundo, lisimamishe humo mahali pasipo jua, wiki mbili hadi tatu. Jani linakunywa glisirini mahali pa maji, linageuka rangi ya shaba au kahawia lakini linabaki laini, unaweza hata kulipangusa vumbi kwa kitambaa. Majani mazito kama mkaratusi na magnolia yanakubali sana, yale membamba hayakubali. Ukiona matone ya mafuta juu ya jani limeshiba, litoe.

#16 mpangaji_wa_FreeArea

Nimefanya hiyo ya nailoni nyeusi na magunzi ya shemeji yangu kutoka Subukia, wife amekubali yarudi sebuleni. Sasa nataka mtama mwekundu, huku Nakuru siupati ukiwa na shina.

#17 NyarDunga

@mpangaji_wa_FreeArea mimi ninao, bado una mashina marefu. Nitakufungia kwa gazeti na kamba, nailoni itautoa jasho njiani uote ukungu. Naweza kuuweka kwa matatu ya asubuhi ya Nakuru, nitumie ujumbe kwa inboksi.

#18 AntiWaBahati

@mpangaji_wa_FreeArea ukiupokea uweke nao juani kabla haujaingia ndani, nao mtama una fukusi. @NyarDunga ukibaki na konzi moja niwekee na mimi, nitakurudishia ngano ya Njoro wiki wanayokata.